Daftari la Mama Birika

Kwa miaka thelathini na saba dada yangu alipeleka chai kwa watu waliokuwa wakizungumza Kiingereza mbele yake kana kwamba yeye ni kabati. Alikuwa mhudumu katika jengo la ofisi lenye ghorofa nne. Alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akapiga deki ngazi na vyumba, akasugua vyoo, akainjika birika mbili kubwa, na ilipofika saa nne akapita mlango kwa mlango akisukuma kitoroli cha chai. Gurudumu moja la kitoroli lilikuwa bovu na lililia kama kifaranga, kwa hiyo watu walimsikia kabla ya kumwona. Walimwita Mama Birika, na jina hilo lilimfuata mpaka kwenye tangazo la msiba wake.

Mimi ni mdogo wake, wa tumbo moja. Wazazi wetu walipofariki yeye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba na mimi nipo la pili. Alikuwa amechaguliwa kuendelea na masomo. Hatukuwa na mtu wa kutulea, akaikunja barua ya kuchaguliwa, akaitia chini ya godoro, akaenda kutafuta kazi. Mimi nikasoma mpaka kidato cha nne. Siku matokeo yalipotoka alicheka, akalia, akaniita Kidato, na tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina nililobatizwa.

Kwenye mazishi kilisomwa kipande cha nusu ukurasa: alizaliwa, aliajiriwa, alistaafu, ameacha mtoto mmoja wa kiume na wajukuu wawili. Hakuna uongo humo. Lakini daftari halikutajwa, na bila daftari huyo aliyesomwa angeweza kuwa mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana naandika, nikiwa nimechoka, na Mungu anisaidie nisipambe.

Daftari lenyewe ni la jalada gumu jeusi, limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ndani yake dada aliandika misemo ya Kiingereza, ile ambayo unaweza ukajua kila neno lake na bado usijue mtu amesema nini. Hapa nitaiweka kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akitusomea.

Alikuwa akiiokota kwenye vikao. Mtu akisema jambo la ajabu, dada alitoka nje, akaliandika kama lilivyomwingia sikioni nyuma ya kile kikaratasi cha kuagizia chai, akakitia mfukoni mwa aproni. Saa saba alishuka chini kabisa ya jengo, kwenye chumba cha masijala, alikokaa karani mmoja mzee kati ya mafaili na kamusi nene isiyo na jalada.

"Haya, Mama Birika, leo umevua nini?"

"Leo wamesema inanyesha paka na mbwa."

"Mvua kubwa."

"Basi?"

"Ndiyo basi."

"Sasa paka na mbwa wamefuata nini huko juu, mzee wangu?"

"Kamuulize aliyewapandisha. Mimi nimekuta washapanda."

Ni huyo mzee wa masijala aliyempa kanuni yake. Alimwambia kwamba kujua maana ya msemo bila kuuona ukitendeka ni sawa na kujua jina la mtu ambaye hujawahi kumwona sura. Dada alilishika neno hilo kama amri. Tangu hapo kila msemo ulipata mistari mitatu. Mstari wa kwanza, msemo. Wa pili, maana yake, na methali yetu inayolingana nao kama ipo. Wa tatu ulianza kwa neno "Aliyenionyesha", na hapo hakuandika kitu mpaka awe ameshuhudia kwa macho yake mtu anautenda. Misemo mingine ilikaa na mstari mtupu miaka.

Tembo ndani ya chumba: jambo kubwa linaloonwa na wote na hakuna anayelitaja. Aliyenionyesha: kikao cha mipango, siku mkubwa alipokuja amelewa na watu wakajadili ratiba kwa saa nzima.

Kumwaga maharage: kutoa siri. Aliyenionyesha: dereva wa mkurugenzi, kwa kikombe kimoja cha chai ya maziwa.

Kipande cha keki: jambo jepesi. Hapo mstari wa tatu uko mtupu hadi leo. Tulipomuuliza alisema, "Bado natafuta."

Na ulikuwepo msemo wa kupiga teke ndoo, maana yake kufa. Mumewe alipofariki nilidhani ataandika. Alikataa. "Ule ni msemo wa dhihaka," alisema. "Marehemu hakupiga kitu teke, aliondoka taratibu kama mgeni mwenye adabu. Huo niachieni mimi. Mimi na ndoo tunajuana."

Sasa nieleze la kwangu.

Nilipofikisha miaka ishirini, dada alisikia kwamba ofisi moja ya ghorofa ya tatu inatafuta karani wa mapokezi. Alinipigia pasi blauzi, akanifundisha kugonga mlango, nikaajiriwa. Asubuhi tulitoka nyumbani pamoja, tukifika kwenye jengo yeye anaingia mlango wa nyuma, mimi wa mbele. Hatukuwa tumekubaliana kuficha undugu. Ni kwamba hakuna aliyeuliza.

Mwezi wangu wa pili kazini akauliza mtu. Meneja alikuwa na wageni watatu pale mapokezi, dada akawa anawapa chai. Meneja akatuangalia, yeye na mimi, akasema kwa Kiingereza, kwa mzaha tu, kwamba tuna uso mmoja, je, huyu mama ni ndugu yako?

Nikajibu kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, kile nilichosomeshwa na mikono iliyoshika sinia mbele yangu. Nikasema, "Hapana. Simjui. Ni mtu wa chai tu."

Wageni wakacheka kidogo, bila ubaya. Dada akaweka kikombe cha mwisho, changu, akanigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya kila siku, "Sukari vijiko vingapi?"

Yeye aliyenikorogea uji tangu nina meno mawili.

Nikasema viwili. Akatia viwili, akakoroga, akaondoka na gurudumu lake.

Nilijifariji kwamba hakuelewa. Kiingereza angekitoa wapi mtu wa darasa la saba? Sikukumbuka kwamba kila likizo alikuwa akifua huku daftari langu la shule limeegemezwa kwenye ndoo. Nilidhani anaangalia michoro. Miaka miwili baadaye nilitumwa masijala kuchukua faili, na mzee akaniambia, huku akilipangusa vumbi, "Dada yako ana Kiingereza cha masikio kuliko nyinyi nyote wa huko juu. Hakimpiti kitu."

"Ulijuaje kama ni dada yangu?"

"Alikuja kuniambia siku ulipoajiriwa. Alileta na soda."

Nikachukua faili, nikapanda nalo ngazi moja moja.

Nilikuwa na siku nyingi za kumwomba msamaha. Nilikuwa na jioni zote za miaka hiyo, na harusi yangu ambapo alinivisha yeye, na msiba wa mumewe ambapo nilimshika mimi. Kila Jumapili nilipeleka sadaka mbele nikijua kwamba nina jambo na ndugu yangu, nikairudia njia yangu nikakaa. Tulipotoka kanisani familia ilikusanyika kwake, naye akatusomea daftari, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Lakini palikuwa na mahali ambapo aligeuza karatasi mbili kwa pamoja. Kila mara, mahali pale pale. Siku moja alikwenda jikoni nikachungulia mstari wa kwanza tu: Kuuma mkono unaokulisha. Nikasikia kandambili zake zinarudi, nikalifunga. Wa tatu sikuusoma. Sikuhitaji.

Miaka mitano baada ya kustaafu, figo zake zilianza kugoma. Mwanawe, fundi wa majokofu, ana nyumba ya chumba kimoja na watoto wawili, na wangu wamekwisha kuwa wakubwa. Nikahamia kwa dada. Vyumba viwili, dirisha linalotazama ukuta wa gereji, kitanda tulichokiinua kwa matofali ili nisipinde mgongo, redio, beseni la bluu, na feni aliyoileta mwanawe, ambayo aliifungua na kuifunga kila alipokuja kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Nilichoka. Sitasema uongo kwa sababu marehemu hayupo. Kufua mashuka kila siku, kumgeuza, kupima maji anayokunywa kwa kikombe, kusubiri foleni ya dawa tangu alfajiri. Kuna asubuhi niliomba kwa magoti nikasinzia katikati ya sala, nikaamka kichwa kikiwa juu ya beseni.

Mikono yake ilitetemeka, kwa hiyo nikawa mwandishi wake.

"Haya, Kidato," alisema, "mwandiko wako ndio tuliousomesha. Ulete kazini."

Alikuwa akikumbuka watu na kuniamuru nijaze mistari iliyobaki. Kuwa chini ya hali ya hewa: kujisikia vibaya. "Andika mimi. Andika na leo." Kuvunja barafu: kuanzisha mazungumzo pale watu wanapoonana haya. "Andika mchungaji. Yule akiingia kwa mgonjwa huanza na habari za mpira."

Mchungaji alikuja kweli, akaomba, kisha akauliza kwa upole kama kuna mmoja wetu mwenye jambo moyoni analotaka kulitoa. Dada na mimi tukajibu kwa pamoja, "Hakuna." Kama watoto wa darasa moja.

Daktari alikuwa ameniambia tuhesabu wiki. Kwa hiyo nilijua: nikikawia tena, nitabaki na lile neno peke yangu mpaka kufa kwangu. Kila asubuhi niliomba nipewe kinywa. Kila jioni nikasema kesho.

Siku moja mchana nilikuwa namwosha miguu. Ilikuwa imevimba, ukibonyeza kwa kidole pananywea na kubaki hivyo. Gereji walikuwa wakigonga bati.

"Dada."

"Maji ya moto."

"Si maji."

"Basi tia baridi."

Nikatia baridi. "Nataka kusema jambo. Limekaa siku nyingi, na wewe unajua jinsi ujana ulivyo, na mambo ya kazini, mtu anaweza..."

"Kidato. Wenzetu wana msemo wao. Kupigapiga kandokando ya kichaka."

"Sisi tunasema kuzunguka mbuyu."

"Sasa acha kuzunguka, mguu unapoa."

Nikasema nikiwa natazama beseni. "Siku ile ghorofa ya tatu. Nilisema sikujui."

Bati likagongwa mara nyingi.

"Ulisema ni mtu wa chai tu," akasema. "Kiingereza chenyewe ulikisema vizuri. Nilianza kwa kujivuna. Nilikuwa nimefika kwenye ngazi ndipo nikaumia."

"Nisamehe, dada yangu."

"Miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi? Mtu wa chai?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo. Alipotulia nikauliza jambo ambalo sikupaswa kuuliza. Nikamuuliza alinisamehe lini, au kama alinisamehe.

"Huna adabu wewe. Umeomba leo, unataka na risiti." Akafumba macho. "Nikuambie kweli? Nilikuwa nakusamehe asubuhi naingia kazini. Nikifika ghorofa ya tatu naghairi. Siku nyingine nafika mpaka ya nne. Ngazi zile ni nyingi, Kidato, na mimi nilizipiga deki zote."

Nikalia. Hakuninyamazisha. Aliacha nilie kwa kadiri aliyoona inatosha, kisha akasema, "Nifute miguu. Lete daftari."

Akanielekeza ukurasa. Heri kuchelewa kuliko kutofika kabisa. Maana: kawia ufike. Mstari wa tatu ulikuwa mtupu, na wino wa mistari miwili ya juu ulikuwa umeshakuwa wa kahawia.

"Huu ulikosa mtu miaka yote hii?" nikauliza. "Watu wanaochelewa wote hao wa ofisini?"

"Wa ofisini walichelewa kila siku. Sikutaka kuwaandika. Haya, andika Kidato. Weka na tarehe, wasije wakasema nimebuni."

Nikaandika. Akaniambia nimwachie daftari, nimpe na gundi ya karatasi iliyo kwenye droo, halafu nitoke nje nikapunge hewa kwa sababu uso wangu umekuwa kama dekio. Nikakaa kizingitini. Niliporudi alikuwa amelala, gundi imemkaukia kwenye kidole gumba. Nikamsafisha kwa maji ya uvuguvugu. Daftari lilikuwa limefungwa na mpira wake, nikaliweka kabatini.

Hatukulizungumza tena. Siku zilizofuata zilikuwa za kazi tu, mashuka na kikombe cha kupimia. Aliaga dunia siku ya kumi na tisa baada ya hapo, Jumatatu asubuhi, nikiwa nasuuza kikombe chake. Sikuona. Nilisikia chumba kimenyamaza.

Wiki mbili baada ya maziko mwanawe alikuja kunichukua. Alitaka daftari lijalidiwe upya na litolewe nakala, moja kwa kila mjukuu. Tukaenda kwa mtu wa kujalidi vitabu, kijiduka chembamba chenye mashine ya fotokopi na kaunta ya kioo kilichopasuka. Mjalidi akavua ule mpira, akaanza kupitia kurasa moja moja kwa kidole kilicholowana, akikagua zilizolegea. Akasimama.

"Mama, hapa pana kiraka. Kimebandikwa juu ya mwandiko. Nakala haitatoka safi, itaonyesha kivuli cha chini. Nikikipitisha kwenye mvuke kitabanduka bila kuchanika, mtasoma kilichokuwepo."

Akaligeuza daftari nikaona. Ulikuwa ule ukurasa aliokuwa akiuruka kwa kugeuza karatasi mbili. Kuuma mkono unaokulisha: kumtendea ubaya anayekutunza. Tenda wema uende zako. Na juu ya mstari wa tatu palikuwa pamebandikwa kipande cha kikaratasi cha kuagizia chai, kimepinda kidogo, na juu yake mwandiko wa kutetemeka: Aliyenionyesha: paka wa masijala.

Mpwa wangu akainama asome. "Paka?"

"Alikuwepo," nikasema. "Mzee wa masijala alimlisha dagaa kila siku, na kila siku akang'atwa."

"Na chini yake pameandikwa nani?"

Mjalidi alikuwa tayari amewasha birika lake dogo la umeme. Maji yakaanza kulia. Ningeweza kunyamaza tu, na mvuke ungefanya kazi yake, na mwanawe angesoma jina. Nilifikiria kama hiyo ndiyo haki. Halafu nikafikiria kidole gumba kilichokaukiwa na gundi.

"Chini nimeandikwa mimi," nikamwambia. "Nitakueleza nyumbani, leo hii, usiponiuliza nitasema mwenyewe. Lakini kiraka kiache. Mama yako aliweka paka, abaki paka."

Akanitazama, kisha akamtazama mjalidi. "Acha kama kilivyo, fundi. Hata kikitoka na kivuli."

Mjalidi akazima birika. Akaendelea kugeuza kurasa mpaka karibu na mwisho. "Na huu nao una mstari mtupu. Uko mwingine wa keki nyuma huko. Mnaijaza au niache?"

Wa keki tulimwambia auache. Nikamwomba kalamu. Ilikuwa imefungwa kwenye kaunta kwa uzi, na uzi ulikuwa mfupi, ikanibidi niiname na kulivuta daftari karibu yangu. Kupiga teke ndoo: kufa. Aliyenionyesha. Nikaandika kwa herufi za shule, kubwa, zinazosomeka hata na mtoto: Dada yangu, wa tumbo moja.

Nikaweka na tarehe.